Korongo Elfu Tatu na Mtani Mmoja

Saa nne na robo asubuhi nilifanya kosa ambalo mama yangu angelisifu. Nilimkaribisha mgeni kabla sijajua nitamlaza wapi.

Bura wa kituo cha Babati aliita kwenye redio, sauti imemkauka. Alisema ziwa lake limegeuka kijani tangu juzi, samaki wanaelea matumbo juu, na korongo walioshuka kunywa wameanza kutetemeka shingo. Hakuweza kuwashika hata siku moja zaidi. Walikuwa elfu tatu na mia nne, kundi la mwisho la njia ya mashariki, na nyuma yao huko kaskazini hakuna wengine tena. "Bibi wa Pete yuko nao," akaongeza, kana kwamba nilihitaji kubembelezwa.

Bibi wa Pete alikuwa korongo jike mwenye pete ya chuma mguuni, aliyevishwa na watu wa zamani kabla minara haijajengwa. Sisi waongozaji wa ndege tuliulizana habari zake kila mwaka kama mtu anavyomuulizia shangazi yake.

"Nimepokea," nikasema.

Kwa kanuni, mwongozaji huuliza kwanza kituo kinachofuata kama kina maji, ndipo amjibu mwenzake. Katika miaka yangu kumi na moja ya kazi sikumwona mtu aliyefuata hilo. Kumwacha mwenzako na ndege wake hewani huku wewe unapiga hodi kwa jirani ilikuwa utovu wa adabu. Mgeni hupokelewa, maswali baadaye. Wakati maji yalikuwepo tuliimudu adabu hiyo.

Neno likishasemwa, mashine imesikia. Mnara wa Babati ukazimika, wangu hapa Bahi ukaamka. Mnara hauiti kwa sauti ambayo mimi na wewe tungeisikia. Huvuta kidogo usumaku wa ardhi, na ile hisia ambayo korongo huzaliwa nayo, inayomwambia kusini ni wapi, humwambia sasa kwamba kusini ni hapa. Mamlaka ya Mapito iliijenga minara baada ya masika na vuli kuvurugika, ndege wakawa wanafika kwenye mabwawa yaliyokauka mwezi mzima kabla yao. Na ili mwongozaji mvivu asiwaachie ndege hewani akaenda kulala, waliuwekea mnara kufuli. Hauzimiki, wala mlango wa betri zake haufunguki, mpaka sauti ya mtu wa pili iseme imepokea.

Nikamwita Kihwele wa kituo cha Usangu. Aliitika baada ya mara ya sita. Mbuga yake ilikuwa imeungua jana yake, na yeye alikuwa anafunga mizigo aondoke. Nilimsihi aseme neno lile moja tu. Nilikuwa nimeshikwa na hofu, sikufikiri.

"Kalunde, nikisema, mnara wangu utawavuta mpaka kwenye majivu," akanijibu. "Hao ni wako." Kisha akazima, na sikumsikia tena.

*

Mwenyekiti Ndahani nilimkuta kwenye ukingo wa bwawa la kijiji, anakagua mishono ya turubai. Bwawa letu lote limefunikwa turubai jeupe, la sivyo jua lingelinywa kwa wiki mbili. Korongo angelipita juu asijue kama kuna maji chini yake.

Nilimweleza ninachotaka. Eka nne za maji ya kina cha kidole, siku tatu kuanzia kesho mchana, ndege wanywe maji na kula vyura na panzi, wapate nguvu. Nikamweleza pia lililo baya zaidi, kwamba korongo hatui kwenye mpunga uliosimama kwa sababu hawezi kuona anapokanyaga. Mpunga ungepaswa kukatwa.

Ndahani alinisikiliza mpaka mwisho, nami namheshimu kwa hilo. Mpunga wa kijiji kizima ulikuwa kwenye maziwa, punje ndio kwanza zinajaa. Zilibaki wiki tatu za kumwagilia, na bwawa lilikuwa na maji ya wiki tatu na siku mbili. Hapakuwa na chakula kingine njiani. Lori la mwisho la mahindi lilikuwa limepita mwezi wa sita.

"Kaya mia mbili na kumi na mbili, mtani," akasema. "Nitajie moja niinyime."

Niligeuka kuondoka, uso umenishuka. Ili nisiondoke na uso ule, akanitania kidogo, kwamba Wanyamwezi hatujaacha ugonjwa wetu wa kubeba mizigo ya watu. Ndivyo tunavyoishi hapa. Mimi ni Mnyamwezi wa Urambo, wao ni Wagogo, na utani wetu ni wa zamani. Babu zangu walikuwa wapagazi wa misafara, wakipita Ugogo na pembe za ndovu mabegani, na babu zao waliwatoza hongo, yaani ushuru wa njiani, kwa kila kata ya maji. Tumetaniana tangu wakati huo. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kuingia bandani akaondoka na kuku wako, nawe huna ruhusa ya kukasirika.

Saa saba mchana ule Bibi Foibe Chilongani alikutwa amekufa, ameketi kwenye ukingo wa jaruba lake la mpunga, kichwa kimeinama, jembe miguuni. Joto lilikuwa limefika nyuzi arobaini na saba. Alikuwa ameshika ufunguo wa lango la maji kwa miaka thelathini na hakuwahi kumpunja mtu zamu yake. Nilimpenda mama yule. Kila nilipopita kwake alinikabidhi kata ya maji ya mtungini, akaninyooshea kiganja, akasema, "Hongo, mpagazi." Nami nilikuwa nikimwekea kokoto, naye akiificha kwenye pindo la kanga kama kitu cha thamani.

Jioni binti yake Nyemo alikuja kituoni, macho yamevimba. Maiti haingeweza kukaa kwa joto lile, mazishi yangekuwa kesho asubuhi na mapema. Mtani hakosi mazishini, ndiye humwigiza marehemu na kuwachekesha wafiwa, na kijiji kizima kilikuwa na Mnyamwezi mmoja tu.

"Mama asiende kimya kimya," akasema. "Uje umfanye acheke."

Nikamwambia nitakuja. Alipogeuka kuondoka nikakumbuka majaruba ya mama yake yako wapi. Yako mwisho wa mfereji, karibu na mbuga. Eka nne.

*

Saa moja na nusu asubuhi nilifika msibani nimejifunga kanga ya marehemu, ufunguo wa lango kiunoni, mgongo nimeupinda kama wake. Niliwafokea wanaume mmoja mmoja. Nilimuuliza Ndahani ni nani aliyefungua maji usiku bila zamu mwaka ule wa nzige, naye akacheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. Watu walicheka huku wanajifuta machozi. Nilikuwa naifanya kazi yangu, na niliifanya vizuri, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Jeneza lilipoletwa, nikashuka kaburini nikalala. Hakuna aliyeshangaa. Mtani hushuka, hudai chake, hupewa, hutoka. Mchungaji alifunga kitabu chake akasubiri. Nyemo alikuwa ameshamfunga jogoo miguu kwa ajili yangu.

"Unataka nini, mtani?"

Nikasema sitaki jogoo. Nikasema babu zangu walilipa hongo ya maji katika nchi hii mpaka wakafika pwani uchi, na maji yenyewe hawakuyamaliza. Nimekuja kuchukua yaliyobaki. Watu wakaangua kicheko.

"Nataka majaruba ya mama yako yote," nikasema, "na zamu yake yote ya maji. Mpunga ukatwe asubuhi hii hii, lango lifunguliwe."

Kicheko kiliisha kwa mafungu, wa mbele walioelewa kwanza, kisha wa nyuma walioambiwa. Nikiwa chini mle niliona anga la mstatili na nyuso zilizolizunguka. Kila mtu alikuwa amesikia habari za korongo wangu. Kijiji hakina siri.

Nyemo akapiga magoti ukingoni. Nyumbani kwake walikuwa sita, yeye, wadogo zake wawili na watoto watatu, na mpunga ule ndio uliokuwa mwaka wao mzima. Akainama ili tusikilizane sisi wawili.

"Kalunde, ni utani au ni kweli?"

Kama ningesema ni kweli, ningekuwa mwombaji tu, naye angeweza kunikatalia kama alivyokataa Ndahani, tena kwa haki. Kama ningesema ni utani, ningechukua jogoo wangu nikatoka, na saa tisa mchana ndege elfu tatu wangekuja kufia juu ya turubai jeupe, kwa sababu mimi niliwaita. Kulikuwa na njia ya tatu. Nadhani hakuna mtani aliyewahi kuitumia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwa na roho mbaya kiasi hicho.

"Mtani haulizwi," nikasema.

Ndahani akaamuru nitolewe. Hakuna aliyesogea. Mtani hatolewi kaburini kwa nguvu, maana marehemu ataondoka na ugomvi, na Bibi Foibe hakuwahi kugombana na mtu. Tukakaa hivyo. Jua lilipanda likafika kwenye jeneza. Nilimwona Nyemo akiweka kiganja juu ya ubao, na nilimwona akikiondoa haraka kwa sababu ubao ulikuwa wa moto.

"Chukua," akasema. "Chukua vyote. Toka nimzike mama."

Nilitoka mwenyewe, hakuna aliyenipa mkono. Waliimba, wakafukia, wakaondoka, na katika watu wote wale hakuna aliyenitazama. Hata jogoo walimfungua.

*

Kwa desturi, alichodai mtani hutolewa kwa mkono wa aliyedaiwa. Kwa hiyo Nyemo alikata mpunga mwenyewe, wadogo zake na watoto wakikata majaruba ya mbali, na mimi nikakata mstari wa kando yake. Mpunga ukikatwa kwenye maziwa hunuka kama uji, na utomvu wake mweupe hunata vidoleni. Alikata kwa bidii kama mtu anayevuna. Mara moja tu alisimama, akaminya shuke, akalamba kile kilichotoka, kisha akaendelea. Nilitamani anitukane.

Ndahani alifungua lango, kwa kuwa zamu ya marehemu ilikuwa ya Nyemo kuitoa. Maji yakafika kabla ya saa nane, yakatambaa juu ya mabua, yakapita ukingo wa mwisho, yakashuka mbugani. Katika saa moja vyura waliokuwa wamelala ardhini tangu mwaka jana wakaanza kuitana.

Nilipanda kituoni kutazama skrini. Kila korongo ana kichembe cha utambuzi chini ya ngozi, na kwenye skrini huonekana kama nukta. Tangu hewa ilipoanza kupanda nukta zilikuwa zikisimama moja moja, na nukta iliyosimama ni ndege aliyeanguka. Korongo hapigi mbawa akiwa safarini. Hutafuta hewa ya moto inayopanda, huzunguka nayo mpaka juu, kisha huteleza. Lakini siku hizi hewa hiyo hupanda kwa fujo na imejaa vumbi, na ndege mwenye njaa husukumwa juu mno mpaka akakosa pumzi. Kati ya Kondoa na hapa nilihesabu waliosimama mpaka nikaacha kuhesabu.

Walitokea saa tisa na nusu. Walizunguka mnara, wakayaona yale majaruba, wakaanguka zaidi ya kutua, miguu mbele. Elfu moja mia moja na ishirini na sita. Bibi wa Pete alikuwa kati yao, nilimjua kwa kumeta kwa mguu wake. Walikunywa kwanza, muda mrefu, kisha wakaanza kula, nami nililia kwa furaha na kwa aibu bila kujua kipi ni kipi.

Nyemo alikuwa amesimama ukingoni na mundu wake. Aliniuliza wamefika wangapi, nikamwambia.

"Mama alikuwa mmoja," akasema, akaenda nyumbani.

*

Siku tatu niliita. Usangu, kimya. Niliita Ruaha, niliita Rukwa ambako redio yangu haifiki hata siku ya hewa safi. Vyura waliisha siku ya pili. Siku ya tatu maji yalijitenga yakawa madimbwi, na korongo wakawa wanapaa asubuhi, wanauzunguka mnara mara tano au sita, wanarudi palepale. Kila jioni niliokota waliokufa. Walikuwa wepesi mno kwa ukubwa wao.

Asubuhi ya nne Nyemo alipanda ngazi za kituo. Hakunisalimu. Aliniuliza kwa nini ndege hawaendi, kwani wameshakula na hapa hakuna kitu tena.

Nikamweleza habari ya kufuli na sauti ya pili. Akauliza kama ni lazima sauti iwe ya mwongozaji. Nikamwambia ukweli, kwamba ya mtu yeyote ingetosha, na nilijua hivyo tangu siku ya kwanza. Ila anayepokea bila mnara hapokei, anawaachia hewani. Karibu wote hawa walizaliwa baada ya minara. Tuliwafundisha kusikiliza, na kwa kuwa walisikiliza vizuri, hakuna aliyeona haja ya wao kukumbuka njia. Nikizima, watakuwa kama mtu aliyeachiwa mkono gizani. Nisipozima, watakufa hapa wananizunguka. Nilikuwa nimekaa siku tatu kati ya hayo mawili, sijaoga, sijala.

Nyemo alikaa kwenye kiti cha pili, kile cha mgeni.

"Babu zako walibeba mizigo mpaka pwani," akasema. "Mzigo ulipomshinda mtu, alifanyaje?"

"Alitua."

"Basi tua."

Akainamia redio, akabonyeza mahali aliponiona nikibonyeza. "Nimepokea," akasema.

Feni ya mnara ilipunguza kasi, ikasimama. Tangu nilipompokea Bura ilikuwa haijasimama. Chini, kufuli la mlango wa betri likafyatuka.

"Na betri nazichukua," akasema. "Pampu ya kile kisima kirefu imekufa kwa kukosa umeme. Itatoa maji kidogo. Huenda nitapata mboga."

Bila betri mnara usingeita tena, si mwaka huu wala mwaka kesho. Kundi la njia ya mashariki, kama lingebaki kundi, halingeongozwa na mtu tena. Nilimtazama nione kama macho yake yana mzaha. Yalikuwa mekundu na makavu.

"Nyemo, ni utani au ni kweli?"

"Mtani haulizwi."

Nikampa spana.

Tulizishusha betri zote nane, yeye mbele mimi nyuma, tukaziweka kivulini. Saa tano hewa ilianza kupanda kutoka mbugani. Korongo walikuwa wamesimama kwenye tope, wote wameelekea mnara, wakigeuza vichwa. Kisha Bibi wa Pete akakimbia hatua chache, akainuka. Alizunguka mara moja, mara mbili, akapanda mpaka akawa mdogo, akanyoosha mbawa kuelekea kusini-magharibi, upande ambao mimi sikuwahi kuwaelekeza. Wakamfuata arobaini na watatu. Niliwahesabu mara mbili nikitumaini nimekosea.

Zaidi ya mia tisa walibaki. Waliutazama mnara wangu uliokufa wakingoja uwaambie kitu. Dimbwi la mwisho lingekauka kabla ya jioni, na hewa ile nzuri ya kupandia haingedumu kupita saa kumi.

Nyemo akafungua kanga aliyojifunga begani. Ilikuwa ile ya mama yake, niliyoivaa mazishini, na nilikuwa nimeirudisha bila kuifua. Akaingia jarubani, tope likimfika magotini, juu ya mabua ya mpunga alioukata kwa mkono wake, akaanza kuwapiga kwa upepo wa nguo. "Nendeni," akawa anasema. "Nendeni, maji yameisha. Nendeni kwenu." Alikuwa na sauti ileile ya mama yake akifukuza mbuzi langoni.

Nikavua viatu nikaingia upande wa pili. Walipaa, wakazunguka, wakarudi, tukawafukuza tena. Wengine walishika njia ya Bibi wa Pete, wengine waligeuka kaskazini, wengine walitua juu ya mnara na hatukuweza kuwafikia. Tuliwafukuza mpaka hewa ilipotulia saa kumi, na waliobaki tukawafukuza tena kesho yake.